Kitoweo cha Mto na Bahari katika Mlo wa Wanga Kidogo

Katika lugha yetu samaki huitwa kitoweo. Maana yake ni kitu cha kutowelea, yaani cha kusindikizia chakula, na chakula chenyewe ni wali, ugali au ndizi. Mtu aliyekula samaki watupu husema kwamba bado hajala. Mazoea haya yaonekana wazi mjini Ifakara na katika bonde zima la Mto Kilombero, nchi inayosifika kwa mpunga. Sahani hujazwa wali, na juu yake huwekwa kipande cha kambale au cha perege pamoja na mchuzi.

Siku hizi wapo watu wengi wanaoshauriwa na waganga wapunguze vyakula vya wanga, ama kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari ama kwa sababu ya unene uliozidi. Swali lao la kwanza huwa: sasa tule nini? Je, samaki wa mtoni ana wanga? Na vile viumbe vya pwani, kama kamba, pweza, ngisi na chaza, vinafaa katika mlo wa namna hiyo? Makala haya yanaeleza jibu la sayansi, na sababu zake, ili mwalimu aweze kulifundisha na mwanafunzi aweze kulithibitisha kwa mikono yake.

Jambo hili si dogo. Tangu miaka ya 1950, Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, Ifakara imejulikana kwa uchunguzi wa malaria na maradhi mengine yanayoenezwa na wadudu. Kisukari hakikuhesabiwa kuwa adui mkubwa wa wanavijiji. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Mara na Morogoro, ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 hakufika hata mmoja mwenye kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba watu 9 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na sukari ya damu iliyopanda kufikia kiwango cha ugonjwa. Njia za kupima hazikuwa sawa, na uchunguzi wa pili uliingiza pia watu wa mijini. Kwa hiyo hesabu hizi mbili haziwezi kulinganishwa neno kwa neno. Hata hivyo zinaonyesha upande tunakoelekea.

WANGA HUFANYA NINI MWILINI

Wanga ni minyororo mirefu ya molekuli za sukari iitwayo glukosi. Mmea hutengeneza glukosi kwa nguvu za jua, kisha huihifadhi kwa umbo la wanga katika punje, katika mzizi au katika tunda. Punje ya mchele basi ni ghala la mmea wa mpunga. Tunapokula wali, vimeng'enya vya mate na vya utumbo mwembamba huikata minyororo hiyo vipande vipande, na glukosi inayopatikana hupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu.

Sasa tufanye hesabu. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Asubuhi kabla hajala, kila lita ya damu yake ina gramu 1 hivi ya glukosi. Jumla yake ni gramu 5, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Wali mweupe uliopikwa una wanga wa gramu 28 katika kila gramu 100. Sahani ya wali yenye uzito wa gramu 400, ambayo kwa mtu mwenye njaa si kubwa, ina wanga wa gramu 112. Hizo ni zaidi ya mara 20 ya glukosi yote iliyomo katika damu.

Mwili hauwezi kuuacha wingi huo uzunguke katika damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo huamuru misuli, ini na seli za mafuta ziipokee glukosi. Ini huweza kuweka akiba ya gramu 100 hivi, na misuli yote pamoja gramu 400 hivi, kwa umbo la glikojeni. Maghala hayo yakijaa, kinachozidi hugeuzwa kuwa mafuta. Mkulima anayepandikiza mpunga kutwa nzima huyamaliza maghala yake kila siku, na sahani yake ya wali ina kazi ya kufanya. Mtu anayekaa kitini tangu asubuhi hadi jioni huongeza akiba juu ya akiba. Na mwenye kisukari ana shida zaidi: ama insulini yake haipo au haitoshi, ama seli zake haziitikii amri yake, na glukosi hubaki katika damu ikiharibu macho, figo, neva na mishipa.

KWA NINI NYAMA YA SAMAKI HAINA WANGA

Mnyama hahifadhi nguvu zake kwa umbo la wanga. Samaki huziweka zaidi kwa umbo la mafuta, na kiasi kidogo kwa umbo la glikojeni katika ini na misuli. Hata glikojeni hiyo kidogo haitufikii mezani. Samaki aliyenaswa katika wavu au katika mgono hupapatika kwa nguvu zake zote, na misuli yake huichoma akiba hiyo. Akisha kufa, kiasi kinachobaki hugeuka kuwa asidi ya laktiki. Ndiyo maana tukipima nyama ya perege iliyopikwa tunakuta kwamba katika kila gramu 100 kuna protini gramu 26 hivi na mafuta yasiyofika gramu 3. Wanga hakuna, na kilichobaki karibu chote ni maji.

Kambale ana mafuta zaidi kidogo kuliko perege, lakini naye hana wanga. Samaki aliyekaushwa kwa moshi katika kambi za wavuvi wa Kilombero hana wanga pia. Yeye amepoteza maji tu, na kwa hiyo protini yake imekolea. Lakini samaki aliyepakwa unga wa ngano kabla ya kukaangwa amevishwa nguo ya wanga, na mchuzi uliozitishwa kwa unga ni vivyo hivyo. Tui la nazi lina mafuta mengi na sukari kidogo sana.

CHAZA NA JAMAA ZAKE

Chaza ana habari tofauti. Chaza wa mwamba huishi katika ufuko wetu, ameshikamana na mawe au mizizi ya mikoko. Hana mapezi ya kufuatia chakula, hungoja maji yamletee. Wakati wa neema hujiwekea akiba, na akiba hiyo kwa sehemu kubwa ni glikojeni, ambayo baadaye huitumia kutengeneza mayai na mbegu za uzazi. Kwa hiyo chaza anayekaribia msimu wa kuzaa hunenepa na nyama yake huwa na utamu wa mbali, lakini akisha kuzaa hukonda na ladha yake hupungua.

Kwa wastani nyama mbichi ya chaza ina kabohaidreti gramu 5 hivi katika kila gramu 100. Ngisi ana gramu 3, pweza gramu 2, na kamba karibu hana. Hata hivyo tusimwogope chaza kwa gramu hizo. Nyama ya chaza ya gramu 200 itakuwa na kabohaidreti gramu 10 hivi, kiasi kinachopatikana katika wali wa gramu 36, yaani tonge moja. Zaidi ya hayo, chaza hushinda vyakula vyote vya kawaida kwa wingi wa madini ya zinki, ambayo mwili huyahitaji katika kuponya vidonda na kujikinga na maradhi.

Ifakara iko mbali na bahari, na chaza aliye hai si rahisi kumfikisha huko. Lakini kwa upande wa wanga mkazi wa bondeni hapungukiwi kitu, kwa kuwa samaki wa mto wake ana wanga kidogo kuliko chaza. Tofauti iliyo muhimu ni ya iodini, ambayo kwetu huitwa madini joto. Viumbe vya baharini huwa nayo kwa wingi na samaki wa maji baridi huwa nayo kidogo. Kwa hiyo mlaji wa samaki wa mtoni asiache kutumia chumvi iliyotiwa madini joto.

JARIBIO LA SHULENI

Kila shule yenye maabara ndogo inaweza kuyathibitisha haya. Chukua wali kidogo, ugali kidogo, kipande cha samaki aliyechemshwa bila kiungo chochote, na kipande cha ganda la samaki aliyekaangwa kwa unga wa ngano. Viache vipoe kabisa, kwa kuwa joto huizuia rangi isionekane. Dondosha tone moja la maji ya iodini juu ya kila kimoja.

Wali, ugali na ganda la unga vitageuka kuwa na rangi ya buluu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Nyama ya samaki itabaki na rangi ile ile ya hudhurungi ya iodini. Sababu ni kwamba baadhi ya minyororo ya wanga hujiviringa kama waya wa springi, na iodini huingia katikati ya viringo hilo. Muungano huo ndio unaotoa rangi ya buluu. Glikojeni ina matawi mengi mafupi na viringo lake ni fupi, kwa hiyo hutoa rangi ya wekundu wa hudhurungi. Shule za pwani zinaweza kumchemsha chaza, kuyachuja maji yake, kuyapoza, na kuyalinganisha na maji matupu yaliyotiwa iodini kwa kiasi kile kile. Vyakula vilivyotumika katika jaribio vitupwe, visiliwe.

SAHANI MBILI

Kupunguza wanga si lazima kuwe kuuondoa wote. Tulinganishe sahani mbili. Sahani ya kwanza ina wali gramu 400 na samaki gramu 60. Ndani yake mna wanga gramu 112, protini gramu 26 hivi, na nguvu za kilokalori 597 hivi. Sahani ya pili ina wali gramu 150, samaki gramu 150, mchicha uliopikwa gramu 200, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia. Ndani yake mna kabohaidreti gramu 50 hivi, protini gramu 47, na nguvu za kilokalori 549.

Nguvu za sahani hizi mbili zinakaribiana sana. Wanga umepungua kwa zaidi ya nusu, na protini imekaribia kuongezeka maradufu. Protini na mafuta hukaa tumboni muda mrefu zaidi, na mboga hujaza tumbo kwa nyuzinyuzi zake. Hivyo mlaji wa sahani ya pili halazimiki kusikia njaa mapema. Kitoweo kimekuwa chakula, na wali umekuwa kitoweo. Hilo ndilo badiliko lote linalotakiwa.

MLO HUU ULITOKA WAPI

Wazo hili si jipya. Mwaka 1797 daktari wa jeshi la Uingereza, John Rollo, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa kisukari kwa kuwapa chakula cha nyama na kuwanyima nafaka. Mwaka 1863 William Banting, msimamizi wa mazishi wa London aliyekuwa mnene mno, alichapisha kijitabu kilichoeleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, na kula nyama na samaki. Mwaka 1928 msafiri Vilhjalmur Stefansson, aliyekuwa ameishi kwa miaka na wenyeji wa nchi za barafu walao samaki na wanyama wa baharini, aliingia hospitalini New York pamoja na mwenzake ili madaktari wawachunguze wakila nyama tu. Waliendelea na mlo huo kwa mwaka mmoja, na afya zao hazikuharibika. Jaribio la watu wawili haliwezi kuwa ushahidi wa kutosha kwa watu wote, lakini lilionyesha kwamba mwili waweza kuishi kwa mafuta na protini pale wanga unapokosekana.

Kwa wagonjwa wa kisukari mlo wa wanga kidogo ulikuwa karibu tiba pekee mpaka Frederick Banting na Charles Best walipofanikiwa kuitoa insulini katika kongosho za mbwa mjini Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza akadungwa dawa hiyo mwaka 1922. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umerudi tena kwenye mlo ule wa zamani. Umeonyesha kwamba watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili hufaidika wazi katika miezi 6 ya kwanza, lakini baada ya mwaka tofauti kati ya mlo huu na milo mingine ya kupunguza uzito huwa ndogo. Sababu mojawapo ni kwamba wengi hushindwa kuuendeleza. Mlo bora ni ule ambao mtu aweza kudumu nao.

MANENO MAWILI YA NENO "MBICHI"

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili yaliyo mbali. Samaki mbichi aweza kuwa samaki ambaye hakukaushwa wala kutiwa chumvi. Aweza pia kuwa samaki ambaye hakupikwa. Ubichi wa kwanza ni mwema. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi nyingi humdhuru mtu mwenye shinikizo la damu, na wenye kisukari wengi wana ugonjwa huo pia. Kambale ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa, na akitunzwa katika unyevu huweza kukaa hai nje ya maji kwa saa nyingi. Hivyo mnunuzi aweza kumpata akiwa hai. Kwa perege tazama macho yawe maangavu na yaliyojaa, matamvua yawe mekundu, na nyama irudi mahali pake ikibonyezwa kwa kidole.

Ubichi wa pili ni wa hatari. Katika nchi nyingi chaza huliwa akiwa hai, bila kupikwa. Lakini chaza hula kwa kuchuja maji. Kwa siku moja hupitisha makumi ya lita katika matamvua yake, na bakteria waliomo humo hukusanyika mwilini mwake. Maji yaliyochafuliwa na vyoo huleta kuhara na homa ya ini. Hata katika maji safi ya joto huishi bakteria waitwao Vibrio, na aina yao moja huweza kuua kwa siku chache. Wanaodhurika zaidi na aina hiyo ni wenye ugonjwa wa ini na wenye kisukari, ambao baadhi yao ndio hao hao walioshauriwa kupunguza wanga. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari asile kamwe chaza asiyepikwa. Achemshwe mpaka kombe zifunguke, kisha aendelee kuchemka kwa dakika 5. Na mahali ambapo pametangazwa sumu ya mimea midogo ya bahari, chaza wa hapo wasiliwe kabisa, kwa kuwa sumu hiyo haiondolewi na moto. Samaki wa mtoni naye apikwe mpaka ndani, kwa sababu baadhi yao hubeba viluwiluwi vya minyoo.

NANI ASIFANYE PEKE YAKE

Mtu anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, asipunguze wanga kwa ghafla bila ya kumwona mganga wake. Dawa yake imepimwa kwa chakula alichozoea. Chakula kikibadilika na dawa ikabaki ile ile, sukari ya damu huweza kushuka mno: mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na huweza kupoteza fahamu. Mwenye ugonjwa wa figo naye asiongeze protini kabla ya kupata ushauri. Watoto, akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, na watu wenye kazi nzito za mikono hawana sababu ya kuukimbia wanga; kwao la muhimu ni kuongeza kitoweo na mboga katika sahani. Na mtu ambaye mwili humwasha au kuvimba akila kamba au chaza aviache kabisa.

TUTAWAPATA WAPI SAMAKI HAO

Liko jambo la mwisho ambalo hesabu ya sahani haikulionyesha. Kwa fedha ile ile mtu hupata wali mwingi kuliko samaki. Ndiyo sababu wali hujaza sahani, na mafundisho ya afya yasiyoukumbuka mfuko wa mlaji hayafiki mbali. Dagaa waliokaushwa bila chumvi na mayai huweza kusaidia. Maharagwe yana wanga, lakini nyuzinyuzi zake huufanya uingie katika damu polepole.

Na samaki wenyewe hawaji bila masharti. Masika, Mto Kilombero na vijito vishukavo kutoka milima ya Udzungwa na Mahenge hufurika na kuifunika mbuga. Samaki hutawanyika katika majani yaliyofunikwa na maji, huzaa, na watoto wao hukua kwa chakula kingi cha huko. Maji yakipungua hurudi mtoni na katika madimbwi, na hapo ndipo mavuno ya wavuvi huwa makubwa. Mbuga hiyo iliandikishwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar. Nyavu zenye matundu madogo huwachukua samaki kabla hawajazaa hata mara moja, na sumu huua wakubwa kwa wadogo. Anayeulinda mto unapofurika analinda sahani ya mgonjwa wa kisukari, ijapokuwa wawili hao hawajaonana.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Wali wa gramu 250 una wanga wa gramu ngapi? Linganisha jibu lako na glukosi iliyomo katika damu ya mtu mzima.
2. Perege mbichi mwenye uzito wa kilo 1 ana maji asilimia 78. Akikaushwa mpaka maji yawe asilimia 12 tu ya uzito wake mpya, atakuwa na uzito gani?
3. Kwa nini chaza huhifadhi glikojeni nyingi kuliko perege?
4. Mpime mlo wako wa mchana wa jana. Je, ungeweza kuupunguzia wanga kwa nusu bila kuongeza gharama? Eleza.